Kingamwili ya Ukili

Sifichi, nilimwonea kijicho. Tulikuwa walimu wawili wa baiolojia katika skuli moja ya Mji Mkongwe, na nafasi ya kwenda kusomea shahada ya pili ilikuwa moja tu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano skulini hapo. Yeye, binti wa Mkokotoni, ndiyo kwanza mwaka wa pili. Lakini wanafunzi, wee! Kipindi chake wanakimbilia maabara. Changu wanakuja wanajikokota.

Mkaguzi angekuja kututazama tukifundisha, kisha achague. Mimi nilichora chati. Mwenzangu kakaa kasuka kingamwili nzima, ile protini ya damu inayonasa vijidudu, kwa ukili wa mkeka, kwa mkono wake! Siku moja kabla ya ukaguzi akaniletea.

"Shikamoo dada. Nitazamie, kama nimekosea uniambie."

"Marahaba. Ilete."

Lo, roho iliniuma. Minyororo miwili mizito, na ubavuni mwa kila mmoja mnyororo mwepesi. Kila mwepesi ulikuwa na sehemu mbili: ya nchani, inayobadilika ili ikinase kijidudu chake, na ya nyuma, isiyobadilika. Kila sehemu kaisuka tabaka mbili zinazotazamana, kazibana katikati kwa uzi wa manjano, ndiyo kifungo cha salfa. Chati yangu mimi ilikuwa mistari mitupu.

Halafu nikaona. Mnyororo mwepesi mmoja kautia rangi nyekundu, akauandika kapa. Wa pili kijani, lamda. Kwao mkeka wa rangi moja ni wa kuanikia dagaa tu, wa heshima lazima uwe na rangi mbili, basi mkono ukafuata mazoea. Lakini kingamwili moja haichanganyi aina hizo mbili: minyororo myepesi yote miwili ni kapa, au yote miwili ni lamda.

"Iko sawa," nikamwambia. "Nshaitazama yote."

Kesho yake mkaguzi aliigeuzageuza mbele ya darasa. "Mwalimu, kapa na lamda kwenye kingamwili moja? Hukumwonyesha mtu kabla?"

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa, nikainamia daftari langu. Mwenzangu akanitazama kidogo tu, na nikajua kashajua.

"Sikumwonyesha mtu," akasema. "Kosa langu."

Nafasi nikapewa mimi. Alikuja kunipongeza mbele ya walimu wote, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, hana kinyongo hata chembe. Na hata hapo, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu.