Amina Yangu kwa Mwenye Nyumba

Tangi la maji juu ya ghorofa letu, hapa mtaani Section 58, lilipasuka wakati wa mvua. Dari ya chumba cha kulala ililowa, ikavimba, kisha ikaanguka juu ya kitanda cha mama. Bahati nzuri alikuwa jikoni. Tangu siku hiyo akawa analala kwenye kochi, kifua kikimsumbua, na chumba chenyewe tukakifunga kwa sababu ya ukungu na harufu.

Mwenye nyumba akinipunguzia kodi nusu mpaka atengeneze, ningemkodia mama chumba kikavu hapo jirani. Akikataa, mama angerudi Molo kwa kaka yangu, kwenye baridi iliyomtoa huko.

Nilimpigia simu miezi miwili. Alipokuja, nilimwandalia chai na chapati. Mimi ni mtu wa hasira, lakini mgeni ni mgeni, na huyu ni mzee wa kanisa. Aliitazama dari, akatikisa kichwa, akala chapati tatu. Kwetu mgeni kama huyo huomba mwishoni, mambo yakishaisha. Mimi nikajifanya mjanja, nikamsihi aombe kwanza, nikidhani maombi yatamlainisha.

Tukafumba macho.

"Baba, asante kwa hii familia," akaanza. "Asante juu wamekubali kuvumilia, na kuendelea kulipa rent kama kawaida, mpaka ile siku utafungua njia tutengeneze hii nyumba. Guza kifua ya huyu shosho."

"Amina," mama akasema.

"Amina," nikasema na mimi. Mdomo ulizoea.

Nilipofumbua macho alikuwa ameshasimama, kofia mkononi.

"Mzee, ile maneno ya rent..."

"Si tumeomba, madam? Hiyo tumewachia Mungu."

Niliitafuta hasira yangu yote ile, sikuipata. Nikamfungia chapati mbili ampelekee mkewe, nikamsindikiza hadi getini, nikamshukuru kwa kuja.

Mwisho wa mwezi nilituma kodi yote. Jumamosi iliyofuata nikamkunjia mama nguo, sweta zikiwa juu ili azifikie haraka. Aliniuliza kama kaka yangu amewahi kuweka kioo kwenye dirisha la chumba atakamolala.

Nikamwambia ameweka. Sikuwa nimeuliza.