Baba Mdogo wa Mti

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa dukani, hapa Itiryo, wanaume walianza kuwaachia wake zao ng'ombe na kukimbilia dhahabu. Baba mdogo Marwa alikwenda na wale wa kwanza. Masika mawili yakapita hatujapata hata salamu. Bibi, mama yake, akawa anakula kidogo na kuongea kidogo.

Mama yangu alikuwa katika kikundi cha maigizo kilichozunguka machimboni kuwaonya vijana kuhusu mashimo yanayotitia. Walihitaji kikaragosi cha mti, cha kuchezesha kwa fimbo. Mama akampelekea Mzee Athumani, seremala wa Tarime mjini, picha ya baba mdogo, ili mchimbaji wao afanane na mtu. Mzee alichonga kweli: masikio yaliyotokeza, hata lile pengo la jino. Kisha, kwa wema wake tu, akatengeneza sanduku lenye mfuniko na kumlaza ndani juu ya kitambaa cheupe.

Bibi alipofunua, aliketi chini.

"Mama Bhoke, umemzika mwanangu?"

Bibi alikuwa Mjaluo aliyeolewa kwetu Ukuryani. Kwao, mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, huzikwa tunda la mvungunya mahali pake. Kwa hiyo kulaza sandukuni mfano wa mtu aliye hai, kwake, ilikuwa kumwita kaburini.

"Ni mchezo tu, mama," mama alisema.

"Basi asimame. Asilale humu ndani mpaka mwenye sura arudi."

Kazi hiyo nikapewa mimi. Kila jioni, baada ya kufungia kuku, nilimchomeka baba mdogo wa mti kwenye chungu cha mchanga karibu na mlango. Bibi alimtazama, ndipo akanawa mikono na kula. Nilimpenda yule mtu, nisiseme uongo. Nilimhadithia hata viboko vya shuleni.

Mama alicheka chini chini, lakini safarini naye alimbeba wima, amefungwa mgongoni. Siku moja mchezo ukiwa umenoga huko machimboni, mtu mwenye vumbi hadi kwenye kope akapenya katikati ya watazamaji.

"Shemeji! Ndiyo mmenichonga pua kubwa hivyo?"

Kumbe alikuwa anaona haya kurudi mikono mitupu. Mama akaja naye nyumbani. Bibi alimpakulia ugali wa wimbi, akamgombeza huku akijifuta machozi. Tulicheka sana siku ile.

Mwaka uliofuata alirudi machimboni. Bibi hakumzuia, aliniambia tu, "Bhoke, msimamishe." Nikamsimamisha, kila jioni, bila kukosa. Shimo likatitia hivyo hivyo. Walichimba mpaka wakachoka, mwili haukuonekana.

Wazee wakataka kwenda kuchuma mvungunya. Bibi akakataa.

"Mwanangu anaye wa kwake. Mleteni."

Sasa nina watoto wangu, na siamini kwamba mti unaweza kumshikilia mtu duniani. Lakini naamini jioni zile zilimlisha Bibi. Alikuwa amenipa nusu ya kungoja kwake, kwa kuwa kungoja kote kulimzidi uzito. Nadhani ndiyo maana siku ya maziko hakumwachia mtu mzima kazi ile. Aliniita mimi, akaniwekea mkono begani, akasema "mtoto wangu" kwa Kijaluo chake.

"Nyathina, amechoka. Mlaze."

Nikamlaza.