Faili Niliyoifunga

Kompyuta yetu ya Kitale ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, na kila aliyeingia aliiona ni yake. Wifi yangu, dadake bwana yangu, aliishi nasi akisomea ukarani, na alicheza karata humo mpaka ugali ukaungua. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu ndani yake: faili niliyomwandikia mtoto wetu.

Alikuwa msichana. Hakumaliza mwezi. Tulimzika nyumbani kwa kina bwana yangu, Sirisia, na kabla udongo haujakauka watu walianza kuniambia nijikaze, ati nitapata mwingine. Mwingine wa nini? Mimi nilimtaka huyo. Bwana yangu naye hakumtaja tena, na kwa hilo nilimchukia kabisa. Basi nikaandika: alivyokunja ngumi akinyonya, alivyopiga chafya akiogeshwa. Picha yake hatukuwa nayo hata moja.

Siku nilipomkuta wifi akipekuapekua faili za humo, niliifunga yangu kwa neno la siri.

Heri ningefunga jiko asile, zogo lingekuwa dogo. Wifi alipiga simu nyumbani, na Jumamosi mama mkwe akafika kutoka Sirisia, hata chai akakataa.

"Ati umefungia bwana yako kitu ndani ya nyumba yake?" akaniuliza. "Mwanamke akificha hivyo, si ana mtu?"

Nilimwangalia bwana yangu. Nilingoja aseme neno moja tu la kunitetea, lakini aliinamisha kichwa.

"Ifungue tu," akasema. "Tafadhali."

Damu ilinichemka. Mtoto wangu asomwe na wifi kama gazeti, ndipo mimi niaminike? Niliketi nikaifuta mbele yao wote, nikaifuta hata kwenye pipa la taka la kompyuta.

"Haya, mama. Hakuna kitu tena."

Mama mkwe aliridhika, akaitisha chai. Bwana yangu alitoka nje. Nilimfuata nikiwa bado nimefura, nataka tugombane vizuri, nikamkuta nyuma ya nyumba analia. Mtu ambaye hata kaburini hakulia.

"Nilikuwa naisoma ukienda kanisani," akasema. "Ulipoifunga nilishindwa kukuomba. Sasa tutamkumbuka na nini?"