Bandeji ya Goti la Kulia

Jumamosi ya tarehe 9 Mei 2015, katika mechi ya mwisho ya msimu, kiungo aliyevaa jezi namba nane alitolewa uwanjani dakika ya kumi na moja. Ripoti ya mwamuzi haina rafu wala kadi katika dakika hiyo. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, na hiyo ilikuwa mechi yake ya thelathini na nane katika soka la kulipwa. Hakucheza nyingine.

Wenzake walimwita Dira. Mbio hakuwa nazo, ila alikuwa na shingo: aligeuza kichwa kushoto na kulia kabla mpira haujamfikia, na ulipofika alishajua nani yuko wapi.

Goti lake la kushoto lilianza kumsumbua mwezi wa Januari. Alimwambia mtu mmoja tu, mkandaji wa timu, mzee mwenye vidole vifupi vilivyonukia dawa ya kuchua. Mkandaji akamfundisha ujanja alioutumia mwenyewe zamani, alipokuwa beki.

"Tunafunga la kulia," alisema. "Anayetaka kukuumiza atapiga palipofungwa. Watu hawana kazi ya kufikiri uwanjani, mwanangu."

Ujanja ulifanya kazi. Kwa miezi minne wapinzani walihangaika na goti zima. Tatizo ni kwamba hata kocha alisadiki. Mazoezini aliagiza mguu wa kulia upumzishwe, na mzigo wote ukahamia kushoto.

Nyumbani hakukuwa na wa kudanganywa. Walipanga ghorofa ya tatu, na mkewe alimsikia kila asubuhi akishuka ngazi: hatua moja nzito, moja nyepesi.

Mwezi wa Mei klabu ilitaka kumwongezea mkataba wa miaka miwili, kwa sharti kwamba daktari mpya ampime na kutia sahihi. Kipimo kiliwekwa siku ya mechi, saa mbili kabla ya kuanza.

"Ukiulizwa, sema," mkewe alimwambia akimpa begi.

"Nikiulizwa."

"Usinipige chenga, baba. Mimi si beki."

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na mabenchi mawili ya mbao, bomba linalovuja na meza ya kukandia yenye mto uliopasuka. Daktari alipoingia, mkandaji alikuwa ameshafunga bandeji goti la kulia. Mikono yake ilifanya kwa mazoea. Hakukumbuka kuwa leo kuna kupimwa.

Daktari akaifungua. Akakunja goti, akalinyoosha, akavuta muundi, akabonyeza kwa kidole gumba kuzunguka pia ya goti. Mguu wa kushoto ulining'inia pembeni.

"Hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hakuna kitu, daktari."

Mpaka hapo alikuwa anasema kweli.

"Goti hili ni la mtoto wa shule. Nani alisema huyu mgonjwa?"

"Kumbe bandeji ni urembo," golikipa alisema kutoka benchi walilokaa wachezaji. "Miezi minne tunambebea ndoo za barafu bwana harusi."

Wakacheka. Daktari alikuwa ameshatoa kalamu. Akauliza huku akitafuta mahali pa kutia sahihi:

"Na hilo jingine?"

Mkandaji alikuwa anakunja bandeji. Ilipokwisha, akaikunjua na kuanza upya. Dira alimtazama, kisha akaitazama fomu.

"Jingine halijawahi kunisumbua."

Daktari akatia sahihi.

Kocha alimfuata Dira mlangoni. "Basi leo hakuna bandeji na hakuna kujibana. Kiungo wao akigusa mpira, uwe juu yake. Goti unalo."

"Sawa, kocha."

Kwa dakika kumi alikimbia kuliko alivyowahi kutakiwa. Kila alipogeuka aligeukia mguu wa kulia, na mkandaji, kwenye benchi, alihesabu kila mgeuko. Dakika ya kumi na moja mpira ulimjia kwa nyuma na hapakuwa na nafasi ya kuchagua. Alikita mguu wa kushoto, akageuka. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Alianguka kama mtu aliyekosa ngazi gizani.

Daktari alifika wa kwanza, akapiga magoti, akashika goti la kulia.

"Daktari," Dira alisema. "Ni la kushoto."

Daktari akahamishia mkono goti la kushoto. "Si ulisema..."

"Nilisema."

Mkataba ulikuwa usainiwe Jumatatu. Haukusainiwa. Alipasuliwa mara mbili, na mara ya pili madaktari walimwambia kutembea atatembea, kucheza basi. Mkewe hakumsema. Alitafuta nyumba isiyo na ngazi, akaipata, wakahama.

Mkandaji anastaafu mwisho wa mwezi huu. Dira, sasa mwenye miaka thelathini na tatu, amekuwa msaidizi wake kwa miaka sita, na ndiye atakayeachiwa meza. Kazi yake inaanza Jumatatu itakayofuata, saa mbili asubuhi, na kila mchezaji ameshaambiwa aje na magoti yote mawili wazi.