Mama akinuna, baba haendi shimoni

Leo nimenuna makusudi, mtu mzima kama mimi.

Mwanangu alikuwa anafunga begi arudi machimboni Geita. Nikamwekea chai mezani bila kusema neno.

"Mama, umenuna?"

Nikampa mgongo, nikaosha vikombe.

Akavua buti.

Tuliokulia Maganzo, kwenye mashimo ya almasi, miaka ya sabini hatushangai. Kwetu kununa hakukuwa jambo la mtu na moyo wake tu, kulisimamisha kazi. Mke akinuna asubuhi, mume hagusi chekeche la kuchujia mchanga, maana walisema almasi inamkimbia mtu aliyeacha kinyongo nyumbani. Basi baba alikuwa anakaa jikoni, anamenya viazi, anambembeleza mama mpaka acheke. Na mama alikuwa hacheki haraka, nawaambia.

Tena alinuna zaidi msimu wa mvua, kuta za mashimo zinapolowa na kuporomoka. Sisi watoto tulidhani ni matope ya buti za baba yanayomuudhi.

Mama zenu je, walikuwa wananuna lini?

Geita mvua inanyesha tangu jana. Mwanangu yuko jikoni, anamenya viazi.

Msimwambie.