Magari ya Mashindano na Posa Niliyoitafuna

Wakati wa Hali ya Hatari, ile ya wakoloni, mtu wa Embu hakuweza kwenda Meru kuchumbia bila karatasi ya ruhusa. Yangu niliiomba kwa miezi mitano, na nilipoipata ilikuwa ya siku moja: nitoke Runyenjes alfajiri, nirudi kabla ya jua kuzama. Penye sababu ya safari paliandikwa "ndoa", neno ambalo karani alilitazama kwa muda mrefu kana kwamba huenda likawa jina la genge. Mchumba wangu alikuwa mwalimu huko Kaaga. Baba yake alikubali kutupokea siku hiyo, nami sikuwa na nyingine.

Mwaka huo nilikuwa nimerudi kutoka Uingereza na shahada ya uzamili, tasnifu juu ya historia ya barabara, na tabia moja ambayo sikuondoka nayo. Tabia hiyo niliipata bandarini, ambako afisa mmoja alinihoji siku mbili akitaka kujua kwa nini Mwembu anachunguza barabara zinakokwenda. Tangu hapo, nikiulizwa swali lolote, hata la saa, nililijibu kwa ukamilifu, pamoja na vyanzo.

Baba yangu alikuwa kizuizini. Msemaji wangu, kwa hiyo, alikuwa baba mdogo, mtu wa koti moja zito ambalo mfuko wake wa kushoto haukukosa muguka, yale majani laini tunayotafuna sisi Waembu na ambayo Wameru huyahesabu kuwa chakula cha mbuzi. Lori lilitushusha kwenye soko la mwisho kabla ya mji wa Meru. Hapo tulinunua ncoolo, mzigo wa miraa teule uliofungwa kwa majani ya mgomba, ambao bila huo Mmeru hasikii habari ya posa. Baba wa msichana akiufungua na kutafuna, amekubali. Asipotafuna, mnarudi kwenu. Lazima uwe mbichi, na lazima uwe mzima.

Barabarani tulikuta kamba na askari. Magari ya mashindano yalikuwa yanapita, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka.

"Mpaka lini?" baba mdogo akauliza.

"Mpaka yaishe."

Tukaketi ukingoni, mzigo ukiwa magotini pangu. Gari moja likapita kwa kishindo, tukala vumbi, kisha kwa nusu saa tukatazama barabara tupu.

"Hawa wanakwenda wapi?"

"Nairobi, baba."

"Na wametoka wapi?"

"Nairobi."

Akalifikiria jambo hilo. "Na hawaulizwi karatasi."

Hapo ningenyamaza. Lakini swali lilikuwa la taaluma yangu, na jua lilikuwa linasogea, na mimi nikiwa na hofu huwa nafundisha. Nikamweleza kwamba mashindano ya kwanza kabisa yalikimbizwa hivi hivi, mji hadi mji, kwenye njia za watu. Watazamaji walipogongwa wengi mno, magari yakafungiwa kwenye viwanja vya mviringo. Na mviringo ndio uliozaa jambo jipya: kamera sasa iliweza kusimama mahali pamoja ikayangoja magari yarudi, na mtu akayatazama nyumbani kwake, ndani ya sanduku la kioo. Nilikuwa nimeliona sanduku hilo kwa macho yangu sebuleni kwa mama mwenye nyumba niliyopanga Uingereza, Jumamosi hadi Jumamosi, maana ndicho chumba pekee kilichokuwa na moto. Nikaendelea. Nikagawa hoja katika sehemu tatu. Nilikuwa kwenye sehemu ya pili baba mdogo aliposema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, unatafuna nini?"

Nilitazama chini. Maganda ya miraa yalikuwa yamejaa katikati ya viatu vyangu, na ncoolo ilikuwa imekonda kama mgonjwa.

"Nilikuwa nikifikiri," nikasema.

"Fikiri kwa kichwa."

Hatukuwa na njia ya kurudi sokoni; kamba nyingine ilikuwa imefungwa nyuma yetu. Baba mdogo akatazama kushoto na kulia, akatoa muguka wote mfukoni, akaujaza katikati ya mzigo na kuufunga upya. "Atajuaje?" akasema. Ndiyo hesabu ambayo Mwembu peke yake angeweza kuifanya.

Kamba ilipofunguliwa tukaenda; tulipofika, jua lilikuwa limekwisha kuinama. Mzee, baba wa msichana, alituketisha karibu na mlango, mkabala na mnara wa ulinzi wa kijiji kipya walichohamishiwa na serikali. Juu yake askari wa ulinzi alikuwa akitutazama bila haya. Mzee akauliza mbona tumechelewa. Baba mdogo alikuwa ameniagiza nijibu kwa neno moja, "barabara". Lakini miraa ya posa ilikuwa imeshafika kichwani. Nilimweleza mashindano, mviringo, kamera na sanduku, na safari hii nikaifikia sehemu ya tatu. Baba mdogo alikuwa anahesabu fito za paa.

"Hao wa ndani ya sanduku," mzee akauliza, "walikuona?"

"Hapana, mzee."

"Wewe uliwaona, wao hawakukuona. Siku nzima." Akaelekeza kidevu kwenye mnara. "Basi yule naye analo. Sisi ndio sanduku lake. Tofauti ni kwamba hatuendi mbio."

Kisha akaufungua mzigo. Akachomoa jani moja la muguka, akalishika kwa vidole viwili, mbali na mwili wake.

"Na hiki?"

"Ni desturi ya kwetu," akasema baba mdogo.

"Mzee," nikasema, "nimetafuna theluthi moja. Huenda zaidi kidogo. Muguka ni wa kufidia."

Hapo mtu akacheka jikoni, akijiziba mdomo, na sauti hiyo niliijua.

"Posa ya muguka nikiipokea, nitahama kijiji," mzee akasema. Akautupa muguka wote nje, jani kwa jani, tukimtazama. Akatazama jua, akatazama karatasi yangu iliyochungulia mfukoni. Mwisho akachagua kijiti kimoja kati ya vilivyonusurika, akakimenya, akatafuna taratibu. "Hiyo theluthi utanirudishia. Sanduku likifika nchi hii, nitalitazama kwako."

Lilifika uhuru ulipokaribia, na lilipofika kwangu nilimwita. Yalikuwa mashindano yale yale, vumbi lile lile. Mzee aliketi karibu na kioo, ncoolo nzima mapajani. Magari hayakumshughulisha; kila yalipopita aliinama kuwachungulia watu waliosimama nyuma ya kamba.

"Unamtafuta nani, baba?" mke wangu akamuuliza.

"Kuna mmoja hapo," akasema, "anakula mali ya watu."