Kisima Hakigombezwi

Mwanangu Liban, ninaikumbuka vizuri asubuhi moja nilipokuwa nimekaa juu ya lori la mbuzi pale Habaswein, nimevaa nguo mpya za harusi, ninanukia ubani kuanzia kichwani hadi kwenye nyayo, ninaitoroka nyumba yangu mwenyewe. Ndoa yangu haikuwa imemaliza hata wiki. Usicheke bado. Utacheka nikimaliza, nami nitacheka nawe, maana sasa naweza.

Nakueleza haya kwa sababu jana nilipita sebuleni mkiwa mmekaa na wenzako, mashavu yamevimba kwa miraa, mkipokezana pakiti ya vidonge. Sikukusudia kusikiliza. Masikio ya mzee ni mazito, ila kwa yasiyomhusu husikia vizuri sana. Nilimsikia mmoja wenu akisema, "Beshte, Ijumaa usiku wa harusi yako ukimeza hii moja, hakuna kupumzika. Ni kazi mpaka asubuhi." Nawe ukauliza kwa sauti ndogo, "Na nikishindwa mara ya pili, si itakuwa noma?" Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani, kwa sababu swali lile lilikuwa langu kabla wewe hujazaliwa, na marehemu baba yako, kaka yangu, hayupo kukujibu. Basi nitakujibu mimi. Ni mambo yenye haya kuyasema, lakini mficha uchi hazai.

Nilipomwoa mke wangu Halima, ambaye nawe unamwita mama, tulikaa ndani zile siku saba kama desturi yetu inavyotaka. Bwana harusi hatoki. Analetewa nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli, anakunywa maziwa, anazoeana na mkewe, na kila asubuhi marafiki zake huja kumtania. Utani huo ni mtamu ukiwa na akili. Wangu ulikuwa na Dagane.

Dagane tulichunga pamoja tangu utoto. Alikuwa na maneno mengi kuliko ngamia. Asubuhi ya kwanza aliniuliza mbele ya wote, "Mara ngapi?" Akasema angekuwa yeye, wangehesabu vidole vya mikono viishe, wahamie vya miguu. Watu wakapiga makofi. Jambo ambalo halikunipitia akilini, mwanangu, ni kwamba Dagane mwenyewe hakuwa ameoa. Debe tupu haliachi kuvuma.

Tangu hapo nikaacha kuwa mume, nikawa mpiga hesabu. Tulipokutana mimi na Halima mambo yalikwenda vizuri kabisa, alhamdulillahi. Lakini badala ya kushukuru na kulala, nikaanza kuuhimiza mwili wangu kama mtu anayempiga fimbo ngamia aliyekwisha kupiga magoti. Inuka, twende! Mwili ukakataa. Kadiri nilivyouhimiza ndivyo ulivyokataa. Nikaamini nina ugonjwa, au nimefanyiwa jambo na mtu mwenye husuda. Hofu ikanijaa hivi kwamba siku iliyofuata hata ile mara ya kwanza ikashindikana. Jogoo hakuwika. Halima akaniuliza kwa upole, "Nimekukosea nini?" Nami, mjinga wa wajinga, nikamgeuzia mgongo.

Kulipopambazuka nikatoka, nikaenda barabarani kutafuta gari la Garissa. Nilikuwa nimesikia kuna mtu kule sokoni anauza mizizi ya nguvu za kiume. Lori lilikuwa likipakia mbuzi. Nikapanda juu kwenye vyuma, nikajifunika shuka usoni nisijulikane. Nilisahau ule ubani. Kila aliyepita karibu na lori alijua kuna bwana harusi mle, hata kama alikuwa kipofu.

Mara nikamwona ndugu wa mama yangu, Abti Nur, anakuja na fimbo yake begani, hana haraka. Abti ni mjomba, nawe unajua kwetu mjomba naye humwita mpwa wake abti. Akasimama chini yangu, akatazama juu.

"Waryaa, bwana harusi! Mbuzi hawa wanakwenda kuchinjwa. Wewe abti, unakwenda wapi?"

Wapakiaji wakacheka hadi wakaziachia kamba. Nikashuka. Hakunigombeza pale mbele ya watu, na hilo nitamshukuru hadi kaburini. Alitangulia tu, nikamfuata hadi visimani, nje kidogo ya mji.

Pale vijana wawili walikuwa wakinywesha ngamia wake. Walichota, wakamimina kwenye hori, wakachota tena, hadi ndoo ikapanda na tope. Wakaiweka kando, wakakaa kivulini, mmoja akaanza kuimba. Abti Nur akaichukua ile ndoo, akanipa kamba.

"Chota."

"Abti, hakuna maji."

"Basi kigombeze. Kiambie ni kisima dhaifu. Kiambie kisima cha Dagane hakikauki."

Nikajua kwamba anajua. Habaswein haikuwa na siri, na Dagane hakuwa na kufuli mdomoni. Nikatamani kisima kinimeze na tope lake.

"Kisima kimekufa?" akaniuliza.

"Hapana. Maji yatarudi."

"Nani anayarudisha?"

"Yanarudi yenyewe, abti. Ni kungoja tu."

"Sasa nani alikuambia mwili aliouumba Mwenyezi Mungu una akili ndogo kuliko shimo hili?"

Tukakaa. Akaniambia, bila kunitazama usoni ili nisione haya, kwamba mwanamume akishamaliza, mwili hujifungia kidogo. Uume hulala, usingizi huja, na hata hamu hutulia. Huo ni mwendo wake wa kawaida. Kwa mmoja mapumziko ni mafupi, kwa mwingine ni marefu, na kwa mtu yule yule leo si kama kesho. Akiwa amechoka huwa marefu. Akiwa na wasiwasi huwa marefu zaidi. "Na wewe," akasema, "umecheza ngoma, hukulala, umetafuna miraa, halafu umeingia kwa mkeo na Dagane kichwani. Chumba kile kilikuwa na watu watatu. Ungewezaje?"

Nilicheka, mwanangu. Nililia pia, kidogo. Kisha nikauliza ni nani aliyemwambia niko kwenye lori.

Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. "Mkeo. Alikuona ukielekea barabarani, akamtuma mama muuza maziwa aje kwangu mbio. Wanawake wamekuja kukutazama, amewaambia umetoka kwenda kumchukulia maziwa ya ngamia kwangu. Abti, wewe unaogopa watakusema. Je, umefikiria watakalomsema yeye? Bwana harusi akikimbia kabla siku saba hazijaisha, hakuna anayeuliza bwana harusi ana nini. Wote huuliza bibi harusi ana kasoro gani. Ungefika Garissa jioni. Yeye angerudishwa kwao kesho."

Nilikuwa nimehesabu kila kitu isipokuwa yeye.

Maji yalikuwa yamerudi. Wale vijana wakainuka, ndoo ya kwanza ikatoka na maji meupe. Abti Nur akamkamua ngamia wake mmoja, akajaza chombo, akanikabidhi. "Chukua. Mkeo amesema umekwenda kuchukua maziwa. Usimfanye mwongo."

Nikapita katikati ya mji na maziwa yale kifuani, mchana kweupe, mbele ya wanawake waliokuwa wamejaa mlangoni. Wakapiga vigelegele. Walipoondoka, nikamweleza Halima kila kitu, hofu, Dagane, mizizi, lori. Akanisikiliza hadi mwisho. Unajua aliniambia nini?

"Mimi nilikuwa nimelala usingizi mzuri pembeni yako. Anayehesabu alikuwa wewe."

Tukanywa maziwa, tukalala fofofo kama watoto. Mwili ulirudi wenyewe ulipotaka, bila mzizi wala fimbo. Watoto sita wa nyumba hii ni mashahidi, na yule wa mwisho anayenisumbua na simu yake ni shahidi mkubwa.

Sasa nisikilize, mwanangu. Baada ya tendo la ndoa, mwili wako utadai mapumziko. Uupe. Kunywa maji, nenda haja ndogo, oga janaba yako, lala. Dakika chache, saa kadhaa, au hadi kesho, yote ni heri. Na umri ukisonga mapumziko yatarefuka. Mimi sasa nangoja siku kadhaa, na mama yako hajanipeleka kwa kadhi. Kumwaga mbegu hakumalizi nguvu za mtu, na damu haipungui kama vijana wanavyotishana. Mkeo naye ana mwili wake. Muulize anataka nini, na akisema amechoka, amechoka.

Vile vidonge, viache. Si kwamba ni haramu kwa kila mtu. Vina wagonjwa wake, na daktari huwaandikia baada ya kuwapima. Lakini mtu akivimeza kwa kubahatisha, hasa mwenye moyo mbovu au anayetumia dawa za moyo, presha inaweza kushuka akaanguka asiinuke tena. Na wako waliovimeza, uume ukagoma kulala kwa saa nyingi na maumivu makali, wakaona haya kwenda hospitali hadi ukaharibika kabisa. Hilo ni jambo la kukimbizwa hospitali mara moja.

Wala usiseme mzee amekuambia ungoje tu kwa kila jambo. Kisima kisichorudisha maji kwa wiki na wiki huteremkiwa kikachunguzwa. Ukiona mwili hauamki kabisa, hata alfajiri unapotoka usingizini, au una maumivu, au damu, au unatokwa na usaha, nenda kwa daktari. Huenda ni sukari, huenda ni presha, huenda ni huzuni, na yote yana tiba. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nitakusindikiza mwenyewe, nikae nje kwenye benchi, nisiulize kitu.

Miraa, wiki hii, iache. Sisemi uache maisha yako yote, maana najua nazungumza na nani. Na marafiki wakija asubuhi kukuuliza hesabu, wape chai. Hesabu ya nyumba haisomwi barazani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, nawe una ndoa ya maisha ya kukimbia, inshallah, si usiku mmoja.

Yule msichana wa Hadado unayemwoa ameacha nyumba ya mama yake kwa ajili yako. Ukiingia, ingia wewe peke yako. Waache wenzako wote nje ya mlango.

Mwenyezi Mungu akutulize moyo, aubariki mwili wako na wake, awape mapenzi yasiyo na haraka na watoto wanaofanana na baba yako. Jumamosi asubuhi nitakuletea maziwa ya ngamia, niyaweke mlangoni bila kubisha. Nikiwasikia mnakoroma, nitarudi nyumbani nikiimba.